Kwanini wanaoanza jogingi hapa Kigoma wanaishia kuchechemea? Raba, mlima au haraka?

#1 Gungu Juu
Habari wakuu. Nina swali naona linagusa wengi. Kuanzia mwezi wa kwanza hapa Kigoma watu wameamka, ukitoka saa 11 na nusu alfajiri barabara ya Lumumba unakutana na makundi kwa makundi, kuna wa vitambi, kuna walioambiwa na daktari sukari imepanda, kuna vijana wanataka tu kuwa fiti. Safi kabisa. Ila ikifika wiki ya tatu ya nne unawaona wale wale wanashuka Mwanga wanachechemea, huyu kashika goti, yule anasema ugoko unawaka moto, afu mtu anapotea mazima. Kundi letu la mtaani lilianza kubwa sa hivi waliobaki wanahesabika na nusu yao wanatembea. Mimi ugoko wa kushoto upande wa ndani unauma nikianza kukimbia, nikipata joto unaachia, nikipoa unarudi.

Sasa kila mtu ana lake, wapo wanaosema raba za mtumba, wapo wanaosema ule mlima wa kutoka stesheni, wapo wanaosema watu hawapashi misuli. Wataalamu na wenye uzoefu fungukeni, mtu anayeanza kutoka sifuri afanyeje asiumie?

#2 Mgebuka Mkavu
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Raba
Naongea kama mtu anayeshika raba kila siku ya Mungu soko la Mwanga. Mtumba siyo mbaya, shida watu wananunua kwa macho, wanaangalia rangi na nembo basi. Mimi nikichagua ya kukimbilia nafanya hivi. Nabonyeza kwa dole gumba ile sponji ya pembeni chini ya kisigino. Ikiwa hai inaingia kidogo na kurudi. Iliyokufa ina mikunjo imelala mistari mistari na haibonyei, ngumu kabisa, hiyo aliyeivaa ulaya ameimaliza au imekaa stoo miaka. Afu naiweka juu ya meza naichungulia kwa nyuma, ikilalia ndani au nje ujue mwenyewe wa kwanza alikuwa anakanyaga hivo na wewe utakanyagishwa hivo hivo upende usipende. Naikunja, inatakiwa ikunjikie kwenye vidole, ikikunjikia katikati ya unyayo naitupa pembeni. Mwisho nafasi, mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa dole gumba maana mguu unavimba ukikimbia na ukishuka mlima unasukumwa mbele, zile kucha nyeusi zinatokea hapo.

Kuna watu nawaona alfajiri wanakimbilia lami na njumu za mpira wa miguu, au zile raba bapa za kutokea mjini. Jamani.

#4 Mtoto wa Bangwe
Fundi hiyo ni biashara bana 😄 sisi tumekulia Bangwe tunakimbia peku mawe yote yale mpaka ziwani na kurudi hakuna aliyekuwa anajua habari ya sponji. Raba ndo zimeua miguu ya watu, unafungia unyayo kwenye godoro kuanzia chekechea mpaka unakuwa mtu mzima afu unategemea ufanye kazi. Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Tokyo peku, dhahabu, hamna raba hamna nini. Vueni viatu mtapona.

#5 Ticha wa Michezo
Rekebisho mtoto wa Bangwe. Bikila alikimbia peku Roma 1960, akamaliza kwa 2:15:16. Tokyo 1964 alivaa viatu, akashinda tena na akaenda kasi zaidi, 2:12:11. Kwa hiyo mfano wako ukiuchukua wote unakugeukia.

Kwa mleta mada, mimi nakaa na wanafunzi uwanjani miaka yote na ninachokiona ni kupasha. Mtu anashuka kitandani, anavaa, anafungua geti na kuondoka kwa kasi ile ile aliyoiona kwa mwenzake. Tembea haraka dakika 5 mpaka 10, zungusha nyonga, nyanyua magoti, piga visigino nyuma, chuchumaa na kuinuka mara kadhaa, ndipo uanze taratibu. Wazee waliotuanzishia mchakamchaka hawakuwa wajinga, ule mwendo wa kuimba ni mwendo wa kuanzia. Huwezi kuimba huku unahema, na ukiweza kuimba ujue kasi yako iko salama.

#6 Gungu Juu
Ticha hiyo ya kuimba nimeipenda. Shukrani. Fundi kesho napita.

#7 Fizio wa Magharibi
Salaam. Kazi yangu ni mazoezi tiba, nawaona hawa watu wakishaumia. Fundi na Ticha wana pointi ila wote mnazunguka pembeni ya jambo lenyewe ambalo mleta mada amelitaja bila kujua, WIKI YA TATU YA NNE. Kwanini isiwe siku ya kwanza?

Ukianza kukimbia, moyo na mapafu vinazoea haraka, wiki mbili tatu pumzi imefunguka. Misuli nayo inafuata. Mfupa hauendi hivo. Mfupa ukipata mzigo mpya kwanza unameng'enywa kidogo pale palipoelemewa ndo ujengwe upya mgumu zaidi, na hapo katikati kuna wiki kadhaa ambazo uko dhaifu kuliko ulivyoanza. Kano zina damu chache, nazo zinachelewa. Sasa piga picha, ndani ya wiki zile zile ambazo mfupa uko kwenye matengenezo ndo mtu anajisikia simba, hahemi tena, anaongeza mzunguko mmoja, anaongeza na mlima. Ukitembea kila hatua mguu unapokea zaidi kidogo ya uzito wako, ukikimbia unapokea mara 2 mpaka 3 ya uzito wako. Mtu wa kilo 90 afanye hesabu mwenyewe.

Mleta mada, ugoko wako fanya hivi. Kaa, pitisha ncha ya kidole polepole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa kutoka chini ya goti mpaka kifundo. Maumivu yametandaa urefu wa kiganja au zaidi? Au kuna sehemu moja ndogo tu, ukiigusa unaruka? Na usiku ukilala panauma? Jibu hapa.

#8 Gungu Juu
Mkuu nimefanya sa hivi. Yametandaa, kuanzia kama nusu ya ugoko kushuka chini, hakuna pa kuruka. Usiku hapaumi. Asubuhi kidogo nikikanyaga. Naendelea au nasimama?

#9 Fizio wa Magharibi
Kwa maelezo hayo ni ule msuguano wa kawaida wa wanaoanza, pale misuli inapojishikiza kwenye ngozi ya mfupa pamechokozwa. Punguza, usikate kabisa. Tembea, siku unayokimbia changanya, kimbia dakika 1 tembea 2, siku 3 kwa wiki na katikati pawe na siku ya kupumzika, epuka lami na mteremko kwa muda. Ukiona maumivu yamejikusanya sehemu moja, yanauma hata umekaa au usiku, au ukiruka kwa mguu mmoja panachoma, simama kukimbia na uende hospitali, huo unaweza kuwa ufa wa mfupa, na picha ya kawaida ya x-ray wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe kabisa. Watu wanaambiwa picha safi wanarudi barabarani, mfupa unakatika kweli.

#10 Mtani wa Isevya
Mwangaluka! Nawasoma kutoka Tabora huku. Nyie watani zetu wa Kigoma mmezoea kukaa kwenye mtumbwi mkisubiri mgebuka, miguu itatoka wapi 😂😂 Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wanabeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo kwa miguu, mzigo begani, raba hakuna, fizio hakuna. Mimi nipo na Mtoto wa Bangwe, mwili umelegezwa na viatu na viti.

#11 Katubuka Moja
Mtani nyie huko ardhi imelala sinia, mlima mnauona kwenye kalenda. Hapa mtu akitoka nyumbani lazima apande au ashuke. Na mimi nasema mlima ndo chanzo, tena siyo kupanda, KUSHUKA. Kupanda unahema unapunguza mwenyewe. Kushuka kutoka Mwanga kuja stesheni mtu anajiachia, hatua ndefu, kisigino kinapiga mbele kabisa, paja linashika breki kila hatua. Kesho yake mtu hawezi kushuka ngazi. Rafiki yangu goti lake la mbele pale pembeni ya pia lilianza kuuma hivo hivo, akihamia kukimbia Uwanja wa Lake Tanganyika halimsumbui, akirudi njia ya Katonga na vilima vyake linarudi. Sasa huyo raba ni zile zile, mwili ni ule ule, kilichobadilika ni mteremko.

#12 Mtoto wa Bangwe
Mtani wa Isevya asante kwa kuniunga mkono ila wale wapagazi walitembea hawakukimbia hapo Ticha atatukamata tena

#13 Ticha wa Michezo
Nilikuwa naandika hilo hilo. Na zile safari zilikuwa za miezi, wengi waliugua na kufa njiani. Tusichukue waliofika tu tukasema miguu yao ilikuwa ya chuma.

#14 Mama Nuru
Mnaongea raba na mlima tu, ngoja niseme upande wetu. Wanawake wengi tunaoanza kukimbia tunaanza kwa ajili ya kupungua, na siku hiyo hiyo tunayoanza kukimbia tunaanza na kujinyima kula. Chai ya rangi asubuhi, tango mchana, usiku maji. Kuna dada nakimbia naye alipungua kweli tukamsifia, kumbe hedhi imekata miezi, yeye anafurahi kapumzika na pedi. Afu unyayo juu pale katikati ukaanza kuuma, kuvimba kidogo, kuja kupimwa mfupa una ufa. Alipoulizwa maswali ndo ikajulikana mwili hauna cha kujengea mfupa. Kwa hiyo dada zangu, hedhi ikikata na huna mimba wala hujafika umri wa kukoma hiyo siyo nafuu, mfupa wako unalia. Kula. Tuko Kigoma jamani, dagaa wapo, wanaliwa na miiba yao, kuna chokaa ya mifupa humo kuliko unavyodhani.

Lingine wanaotoka kujifungua, msikimbilie kukimbia kwa kuona wenzenu. Tembeeni kwanza, nyonga na tumbo vijirudi.

#15 Mgebuka Mkavu
Mama Nuru umeongea kitu kizito, dada yangu nyumbani namtumia hii post sa hivi.

#16 Mzee wa Stesheni
Vijana mmekuwa laini. Kila maumivu hospitali, kila maumivu mapumziko. John Stephen Akhwari aliumia goti Munich katikati ya marathoni akafungwa bandeji akamaliza, akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio ilimtuma kumaliza. Sisi tulikimbia JKT na mabuti, ukisema ugoko unauma unaongezewa mzunguko, na unapona humo humo mbioni. Mwili unafundishwa kwa kuvumilia.

#17 Mtani wa Isevya
Shikamoo mzee wangu. Ilikuwa Mexico City 1968, siyo Munich. Alimaliza wa 57 na ndo alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, 75 walianza. Ila mzee Akhwari yule hakuwa mtu wa wiki ya tatu, alikuwa na miaka ya mazoezi mwilini, 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh alimaliza wa 5. Na aliumia kwa kuanguka, siyo kwa kuchoka mfupa.

#18 Mzee wa Stesheni
Marahaba mtani. Mwaka na mji nakubali. Uvumilivu uko pale pale.

#19 Fizio wa Magharibi
Mzee shikamoo. Uvumilivu ni mzuri ila kuna maumivu ya aina mbili. Yale ya paja zima au vigimbi vyote viwili, yanaanza kesho yake, yanazidi siku ya pili, siku ya tatu ya nne yameondoka, hayo ni misuli inajifunza, tembea tembea yataisha. Yale ya upande mmoja, sehemu unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kadri unavyokimbia, hayo usiyavumilie. Mimi nawaambia watu wajipe alama kutoka 0 mpaka 10. Ikibaki 2 au 3 wakati unakimbia na asubuhi ya kesho yake imerudi ilivyokuwa, endelea kwa upole. Ikipanda juu ya hapo au ukaanza kubadilisha unavyokanyaga, malizia kwa kutembea.

Na wale mnaomeza diklofenaki kabla ya kukimbia ili msisikie, acheni. Unazima taarifa ya mguu, na figo zako zikiwa na kiu ya maji zinaumizwa na hiyo dawa.

#20 Dogo wa Ujiji
Mi nilisikia kanuni ni asilimia 10, kila wiki usiongeze zaidi ya asilimia 10 ya wiki iliyopita. Kocha wetu anaisema kila siku. Ukifuata hiyo huumii mwisho wa mada

#21 Mpenda Takwimu
Dogo, hiyo imepimwa. Groningen Uholanzi, matokeo yakatoka 2008, wakimbiaji wapya zaidi ya 500, nusu wakapewa ratiba ya kuongeza kwa asilimia 10, nusu ratiba ya kawaida. Walioumia kundi la kwanza asilimia 20.8, kundi la pili asilimia 20.3. Hakuna tofauti. Denmaki nao 2025 wakatoa utafiti wa wakimbiaji zaidi ya 5,000, wakaona hatari haiko sana kwenye jumla ya wiki, iko kwenye SIKU MOJA unayokimbia mbali kuliko siku yako ndefu kabisa ya siku 30 zilizopita, ukiizidi kwa zaidi ya asilimia 10 hatari inapanda. Yaani yule aliyekuwa anazunguka Gungu wiki zote, Jumapili akafuata kundi mpaka Ujiji kwenye mwembe wa Livingstone na kurudi, siku ile moja ndo imemuumiza.

Na Ticha, kule Australia 2000 walichukua makuruti wa jeshi 1,538, nusu wakawa wanavuta misuli kabla ya mazoezi, nusu hawavuti. Majeraha yalilingana.

#22 Ticha wa Michezo
Mpenda Takwimu soma tena #5. Mimi nimesema kupasha, sijasema kuvuta. Kusimama baridi na kushika vidole vya miguu hata mimi siwafanyishi wanafunzi. Kuamsha mwili kwa kutembea na kuchuchumaa ni jambo jingine na makuruti wako hawakupimwa kwa hilo, makundi yote mawili yalipashwa.

#23 Dogo wa Ujiji
Aisee hiyo ya Jumapili mbona kama mnatusema sisi, klabu yetu wiki nzima kila mtu kivyake afu Jumapili wote mbali na mpya anaunganishwa hapo hapo

#24 Katubuka Moja
Hapo ndo mnawamaliza watu. Mpya anaona aibu kubaki nyuma. Wekeni kundi la kutembea na kukimbia, lenye kiongozi wake kabisa, lisionekane la wagonjwa.

Afu kuna kitu hakuna aliyesema, ulalo wa barabara. Lami imeinuka katikati inashuka pembeni ili maji yaende mtaroni. Sisi tunaambiwa tukimbie kulia tuyaone magari na bodaboda yanayokuja, ni sahihi kwa usalama, ila kila siku mguu wa kulia uko chini wa kushoto uko juu. Ule wa juu unyayo unalalia ndani kila hatua. Gungu Juu anaumwa kushoto upande wa ndani. Mimi siyo daktari ila nimeunganisha.

#25 Fizio wa Magharibi
Katubuka umeona mbali, inawezekana. Ila nina wagonjwa wanaokimbilia uwanjani kwenye usawa na ugoko wa mguu mmoja unauma vile vile, na wapo wa barabarani wanaoumwa kulia. Abadilishe njia, kwenye vumbi lililolala sawa akimbie kwenda na kurudi upande ule ule, aangalie kama kuna nafuu.

#26 Mgebuka Mkavu
Swali langu, juzi mdogo wangu alikanyaga kokoto akateguka kifundo. Bibi akachemsha maji ya chumvi akamkanda, afu akamchua na mawese ya moto kwa nguvu, dogo alipiga kelele mpaka majirani. Asubuhi mguu umejaa umekuwa mara mbili. Bibi anasema uchafu unatoka. Ni kweli?

#27 Fizio wa Magharibi
Bibi mheshimuni ila siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchua kwa nguvu vinaongeza damu na uvimbe. Mwanzo ni kupumzisha, kufunga bandeji isiyobana mpaka vidole vikafa ganzi, kuinua mguu juu ya usawa wa moyo, na ubaridi, barafu ifunge kwenye kitambaa dakika 10 mpaka 15, usiiweke juu ya ngozi. Mawese ya bibi yaje baadaye uvimbe ukipungua, kwa kusugua polepole. Kama hawezi kabisa kupiga hatua 4, au ukibonyeza kwenye mfupa wenyewe wa kifundo anaruka, apigwe picha.

#28 Mtoto wa Bangwe
Barafu ya nini na ziwa lipo, ingiza miguu Tanganyika alfajiri

#29 Mpenda Takwimu
Maji ya juu ya Tanganyika ni kama nyuzi 24 mpaka 28 mwaka mzima, hayo ni ya kuogea siyo ya kugandisha. Na pembezoni penye majani na konokono kuna kichocho.

Halafu kuhusu peku nilikuwa nimekuachia. Utafiti unaopendwa na watu wa peku ni wa Lieberman na wenzake, 2010, uliopima pia Wakenya waliozoea kukimbia bila viatu. Ulionyesha kwamba wengi wao wanatua kwa mbele ya unyayo na kile kishindo cha kisigino hakipo. Haukuhesabu nani anaumia zaidi. Na Marekani 2013 walichukua wakimbiaji wa raba za kawaida wakawahamishia kwenye raba nyembamba sana kwa wiki 10 tu, zaidi ya nusu ya waliohamishwa mifupa ya nyayo ikaonekana imevilia majimaji kwenye kipimo.

#30 Mtoto wa Bangwe
Wiki 10 ndo walipokosea, watu wazima waliofungwa kwenye raba miaka 30 huwezi kuwatoa kwa wiki 10. Mimi nasema aliyekua peku aendelee, na aliyezoea raba aanze kwa kutembea peku uani, mchangani Kibirizi, taratibu. Msimamo wangu haujatikisika.

#31 Fundi Raba
Mchanga mlaini wa ziwani kisigino kinazama, kigimbi na kano ya nyuma vinavutwa, nimeona watu wanarudi dukani wanaulizia raba yenye kisigino kirefu kwa sababu hiyo hiyo. Kama ni mchanga basi ule uliolowa ulioshikana, na nao una ulalo wake.

#32 Fizio wa Magharibi
Fundi hapo sawa kabisa. Kitu kimoja cha hatua, Katubuka alikigusa kwenye #11. Hatua ndefu ndo inayotuma mzigo gotini. Fupisha, ongeza wingi wa hatua kwa asilimia 5 mpaka 10 kwa kasi ile ile, goti linapata nafuu. Hesabu mguu wa kulia unagusa mara ngapi kwa dakika, zidisha kwa 2. Ile hatua 180 kwa dakika mnayoisikia ilitoka kwa kocha Jack Daniels kuhesabu wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles 1984, wakiwa kwenye mashindano. Wewe wa kuanza isikutese.

#33 Mama Nuru
Fizio samahani, mimi kisigino kwa nyuma, kile kikamba kinachopanda kwenye kigimbi, asubuhi kimekakamaa mpaka nitembee kidogo. Nimeambiwa nisimame kwenye ngazi nishushe visigino. Nyumba yetu haina ngazi.

#34 Fizio wa Magharibi
Dada, tofali zima linatosha, liegemeze ukutani lisicheze, au kizingiti cha mlango. Simama kwa mbele ya unyayo, shika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shuka polepole ukihesabu mpaka 3. Mara 15, pumzika, rudia mara 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Kuuma kidogo wakati unafanya siyo tatizo. Ikizoeleka unabeba mzigo mgongoni, weka hata mchele kwenye begi.

#35 Mtani wa Isevya
Wiki 12! Mimi ningeacha ya pili.

#36 Mama Nuru
Mtani wewe ubebe pembe kwenda Bagamoyo halafu tofali likushinde 😂 Fizio asante, nimeelewa. Ila kwangu panauma chini kabisa, pale kinapoingia kwenye mfupa, siyo juu. Ni vile vile?

#37 Fizio wa Magharibi
Hapana, vizuri umeuliza. Kama ni pale chini kano inapojishikiza kwenye mfupa wa kisigino, usitumie tofali kabisa, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole maana kano inabanwa na mfupa. Fanyia sakafuni, panda na ushukie usawa wa sakafu tu. Na kwa sasa vaa kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo hata ndani ya nyumba, usitembee na kandambili bapa.

#38 Fundi Raba
Mama Nuru una mguu namba ngapi?